Wadudu Kumi na Mmoja

Kila Jumamosi Kidoti alifua sare yake, akaianika, kisha akamfuata mama yake mtoni. Mama alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, lakini darasa lake halikuwa na viti. Wanafunzi wake, watu wazima, wengine na ndevu zao, walikunja suruali wakaingia majini.

"Kitendawili!" mama akaita.

"Tega!"

"Mashahidi wangu hawana ulimi, wanalala chini ya mawe."

"Wadudu!" Kidoti akawahi.

"Haya. Wenye mikia mitatu hawavumilii uchafu; wakiwepo, maji ni safi. Leo tutajua kama watu wa bondeni waendelee kuchota kwenye kisima chao hapa kando ya mto. Msiniulize mimi, geuzeni mawe."

Kidoti naye akaomba sehemu yake ya kukagua.

"Makubwa! Tumepata profesa," akatania Mama Pacha, mwanafunzi aliyeishi hukohuko bondeni.

Akapewa mawe kumi ya mtoni, kando ya kisima. Palinuka, tope likamfika magotini. Akageuza mawili, asione kitu, kinyaa kikamshika. Akachungulia daftari la wenzake waliokagua sehemu ya juu ya mto, naye akaandika: wadudu kumi na mmoja.

Darasa likawaambia watu wachote bila hofu.

Siku ya nne Mama Pacha hakuonekana darasani. Pacha wake mmoja alilazwa, anaharisha, anatapika, macho yamezama, dripu mkononi. Nyumba tatu za jirani nazo zilikuwa na wagonjwa.

Jioni Kidoti alisukuma sahani yake kando. "Mama, sikugeuza mawe yote. Niligeuza mawili tu."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Niliwatunga."

Mama akainuka. "Na mimi sikuhakiki," akasema. "Vaa viatu."

Wakashuka na darasa zima. Mawe kumi, hakuna hata mkia mmoja. Minyoo myekundu ya maji machafu tu, imesokotana kama nyuzi. Wakafuata harufu hadi kwenye bomba la choo lililopasuka. Kisima kikafungwa siku hiyohiyo, bomba likatengenezwa.

Pacha alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, shingo nyembamba, hawezi kusimama. Kidoti alienda kuomba radhi.

"Nimekusikia, mwanangu," Mama Pacha akajibu bila kumtazama. "Ila moyo bado unaniuma. Nipe muda."

Njiani Kidoti alilia. Mama akamshika mkono.

"Kuogopa tope si kosa. Ungesema, 'Mama, nimeshindwa,' ningeingia mwenyewe. Lakini ukiandika usichokiona, mwanangu, kuna mtu atakinywa."