Chumba cha Injinia Ndani ya Kompyuta

Wewe unayesoma, umewahi kumwonea mwenzako wivu mpaka chai ikakushinda kunywa? Mjukuu wangu wa kike yalimkuta, nami nilikuwepo.

Kila asubuhi yeye ndiye aliyefuta vumbi mezani na kuiwasha kompyuta ya mama yake, mpiga chapa wa mitihani ya shule. Ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, kama nyumba ya vyumba viwili. Ukiiwasha ilileta orodha uchague: mfumo wa kazi za Mama, au ule aliouweka mjomba wake, fundi wa kompyuta, ili amfundishie kaka mkubwa wa binti huyu kila Jumamosi. Mtaa mzima ulishamwita kaka huyo Injinia. Mdogo wake aliitwa alete maji ya kunywa.

Ijumaa moja wivu ulimpanda. Akaingia upande wa Mama, akaitafuta sehemu ya diski yenye mfumo wa kaka yake, akaifuta. Alidhani amebomoa chumba kimoja tu. Hakujua kuwa ile orodha ya mlangoni ilikaa chumbani mwa Injinia, na bila hiyo hata chumba cha Mama hakifunguki.

Kesho yake Mama akabonyeza kitufe. Kioo cheusi, maneno machache meupe, basi. Mitihani ilikuwa humo, na mwalimu mkuu angeifuata saa sita. Mama akamgeukia Injinia, akamwambia utundu wake umewaponza. Injinia akaapa hakugusa kitu, machozi yakimlenga. Mdogo wake akainamia kikombe. Ndicho alichokitamani, kaka asemwe, lakini chai haikushuka.

Mjomba akaja na flashi yake, akachungulia, akakuna kichwa.

“Hapa pana nafasi tupu,” akasema. “Kama diski inakufa siigusi, naipeleka kwa wataalamu ikafunguliwe, na hairudi mpaka Jumatatu. Kama kuna mtu amefuta, ni kazi ya nusu saa. Mgonjwa huyu hasemi, semeni nyinyi.”

Nilimwona mjukuu wangu wa kike akisukuma kikombe kando.

“Diski ni nzima, Mjomba. Nilifuta mimi.”

“Kumbe ni wewe!” Injinia akasema. “Na ukaniacha nisemwe?”

Mjomba hakungoja ugomvi. Aliiwasha mashine kwa flashi, akaurekebisha upande wa Mama uweze kuanza wenyewe, na saa tano mitihani ikachapwa. Chumba cha Injinia kilirudi jioni, ila michoro yake miwili aliyokuwa ameichorea humo ilipotea kabisa. Mdogo wake alimwomba radhi mbele yetu sote.

“Wivu ni moto wa pumba, mwanangu,” Mjomba akamwambia. “Unaunguza chini kwa chini, huoni hata moshi. Ulitaka kumchoma kaka yako, ukaiunguza na kazi ya mama yako. Leo ukweli wako ndio ulionipa njia. Ungenyamaza, ningetibu ugonjwa usiokuwepo. Haya, mwenzio alikukosea nini?”

Mtoto akachezea ncha ya kanga yangu.

“Hakunikosea,” akasema. “Nilitaka na mimi uniite Jumamosi, Mjomba. Unifundishe.”