Difu ya Nyuma Peke Yake

Saa mbili kasoro robo asubuhi pikapu iliingia uani, na mita yake ilionyesha kwamba imetembea kilomita hamsini na moja tangu alfajiri. Umande ulikuwa haujakauka kwenye kioo cha mbele. Mke wa mwenye gari alikuwa amekwisha kuchemsha maji ya kuoshea madumu ya maziwa. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alishuka akiimba kwa sauti ya chini na kuuliza kama chai ipo. Ilikuwepo. Nyumba hiyo ilikuwa na utulivu, ndugu zangu, na majirani waliitolea mfano walipogombana wao kwa wao.

Mwenye gari hakufuata chai. Alikuwa ameingiza kichwa dirishani mwa dereva, anasoma mita.

Mtaani walimwita Kipimo. Alisomea upimaji wa ardhi na kuufanya kwa miaka mingi kabla ya kuingia biashara ya kukusanya maziwa ya wafugaji wa mlimani. Watu walimtania kwamba hata mvua ikinyesha hutoa ndoo nje aone kama imetimia. Hakuwa mchoyo wala mkali. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila kilichopungua, kwake kilikuwa kimeibwa.

Safari ya kutoka uani hadi zizi la mwisho, lile la juu, na kurudi ilikuwa kilomita sitini. Mita hiyo hiyo ndiyo iliyomwambia hivyo, tangu gari liliponunuliwa. Sasa kilomita tisa hazikuonekana.

"Leo umefika zizi la juu, shemeji?" aliuliza.

"Nimefika. Yule mzee mwenye ng'ombe wekundu anakusalimu, anauliza lini utampelekea chumvi ya kulambisha."

"Basi barabara imefupishwa."

Shemeji alicheka, akidhani ni utani wa kawaida wa mashemeji. Akanywa chai yake. Kipimo aliendelea kuitazama mita.

Lazima niwaeleze hali ya gari lenyewe. Lilikuwa la zamani lakini imara, la kuvuta kwa magurudumu yote manne dereva akivuta mkono wa pili ulio kando ya gia. Barabara ya mlimani ilikuwa imechimbika kiasi kwamba tumbo la gari lilikuwa likikwaruza mawe. Siku moja kabla ya asubuhi hiyo, Kipimo alilinyanyua: akaweka springi ndefu zaidi, akaondoa tairi za inchi ishirini na nane na kufunga za inchi thelathini na tatu. Likasimama juu kama ndama aliyevaa miguu ya ngamia.

Fundi wa difu aliyeifanya kazi hiyo alimpa ushauri. Difu ni lile boksi la meno lililo katikati ya ekseli, linalopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Fundi alisema tairi kubwa zinahitaji difu zenye meno ya nguvu zaidi, la sivyo gari litachoka mlimani na kula mafuta. Tena zibadilishwe zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilingane. Shemeji, aliyekuwapo, aliunga mkono. Alisema alipolijaribu kwenye kilima cha jirani, gari lilipanda kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Kipimo aliwatazama wote wawili. Aliona fundi anataka kuuza kitu kimoja mara mbili. Aliona pia kwamba shemeji amekubali haraka mno, na mtu anayekubali haraka hivyo huwa ana fungu lake. Akasema atafikiria. Difu zikabaki zile zile.

Kuanzia hapo kila jambo lilimpa ushahidi. Kilomita zilipungua. Mafuta, badala ya kupungua pamoja nazo, yaliongezeka. Maziwa yalichelewa kufika kwenye kituo cha kupozea. Kwa akili ya Kipimo hesabu ilikuwa wazi: shemeji haendi zizi la juu, anayajaza madumu kwenye mazizi ya chini, anakaa mahali kupoteza muda, na mafuta anayanyonya kwenye tangi na kuyauza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Alifanya jambo moja la busara. Alimtuma mtu kumuuliza yule mzee wa ng'ombe wekundu kama pikapu hufika kwake. Jibu lilirudi kwamba hufika kila asubuhi, bila kukosa. Mtu mwingine angetulia. Kipimo alihitimisha kwamba mzee naye yumo.

Hapo ndipo shuku hugeuka maradhi, msomaji. Ikilishwa ushahidi wa kuikanusha, huumeza huo nao na kunenepa.

Mkewe alianza kuona mambo. Alimkuta mumewe ananusa shati la kazi ambalo mdogo wake aliliacha lifuliwe, akitafuta harufu ya mafuta. Alimkuta anagonga tangi la mafuta kwa kidole, ameweka sikio kama daktari. Alipouliza, Kipimo alimwambia yote kwa utaratibu, tarakimu baada ya tarakimu, na mwanamke akasikiliza mpaka mwisho huku akikausha mikono kwa kanga.

"Hesabu zako sizijui," alisema. "Mdogo wangu namjua."

"Mita haina ndugu, mama watoto."

"Ndiyo maana huwezi kula nayo meza moja. Ukimchunguza sana bata, baba watoto, humli."

Kipimo aliusikia utetezi huo, na akauongeza katika orodha ya dalili. Damu yao ilikuwa moja.

Siku iliyofuata alifanya mambo mawili. La kwanza, alifunga kufuli kwenye mfuniko wa tangi, ufunguo akautia mfukoni. La pili, shemeji alipokwenda kwake kulala mchana, Kipimo alilipeleka gari kwa fundi wa mtaa wa mbali, mtu asiyemjua shemeji wala yule fundi wa kwanza. Ukweli ni kwamba gari lilikuwa linachoka, hilo alilikubali. Lakini hakukubali kuuziwa mara mbili. Alitafuta kwenye vyuma chakavu difu moja yenye meno ya nguvu, akaifungisha nyuma. Ya mbele akaiacha. Fundi huyo alimuuliza kama hutumia magurudumu manne. Kipimo alihisi mtego ule ule, akajibu kwamba ni mara chache.

Kisha hakumwambia dereva. Kwa nini amwambie? Alitaka kumpima bila yeye kujua kwamba anapimwa.

Asubuhi iliyofuata mita ilisoma sitini.

Matumizi ya mafuta yalipungua kidogo. Maziwa yaliwahi kituoni. Kipimo alisimama uani na ile furaha baridi ya mtu aliyethibitisha jambo. Kufuli imefanya kazi, alijiambia; mwizi ameogopa. Alikuwa amebadilisha vitu viwili kwa siku moja, na akakipa sifa kile alichokipenda. Katika upimaji wa ardhi asingemsamehe kijana wa kazi kwa kosa kama hilo.

Jumapili iliyofuata wafugaji walikusanyika kwenye zizi la kati kuzungumzia ratiba ya maziwa. Kipimo alisimama mbele yao, na mbele ya mkewe, akazitaja kilomita za kabla ya kufuli na za baada ya kufuli. Akamtaka shemeji aseme mwenyewe zilikuwa zinakwenda wapi. Mzee wa ng'ombe wekundu aliinuka kutaka kusema, Kipimo akamwambia shahidi mwenye maslahi akae.

Shemeji, mtu wa maneno mengi na vichekesho, aliinuka. Aliwatazama wafugaji mmoja mmoja, watu waliokuwa wakimkabidhi madumu yao bila kuandikishana, na akaona wengine wanatazama chini.

"Maziwa ya kesho nitayaleta," alisema, "kwa sababu ng'ombe hawana kosa. Baada ya hapo tafuta dereva asiyekuwa shemeji yako."

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi alipofika mteremko ulio chini ya zizi la juu, udongo ulikuwa umelegea. Akafanya alichofanya siku zote penye utelezi: akavuta mkono wa pili ili magurudumu yote manne yavute.

Magurudumu ya nyuma, kwa difu mpya, yalitaka mwendo mmoja. Ya mbele, kwa difu ya zamani, yalitaka mwendo wa kasi zaidi. Kwenye tope, magurudumu ya mbele yalijizungukia tu na usukani ukawa hausikii. Yalipokanyaga mwamba na kushika, tofauti hiyo ya mwendo haikuwa na pa kutokea. Kitu kikakatika chini ya gari kwa mlio ambao wafugaji waliusikia kutoka juu. Gari likakosa nguvu, likarudi kinyumenyume, likalala ubavu mtaroni. Madumu yaliyojaa yalivunja kioo cha nyuma na kumwangukia dereva. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Mzee wa ng'ombe wekundu ndiye aliyemtoa.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi wa kwanza. Alizifungua difu zote mbili, akahesabu meno, akauliza swali moja: nani aliyebadilisha ya nyuma peke yake? Kipimo alisema ni yeye.

Kipimo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alichukua chaki, akatia alama kwenye tairi na sakafuni, akaliviringisha gurudumu mzunguko mmoja, akapima. Akafanya vile vile kwa tairi ya zamani iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Mita haihesabu barabara. Huhesabu mizunguko ya shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mita husoma pungufu, na barabara ni ile ile. Difu mpya ya nyuma iliiongezea shafti mizunguko, mita ikarudi kusema kweli. Alizidisha na kugawanya, akapata hamsini na moja. Akarudia. Akapata hamsini na moja tena.

Hapakuwa na mwizi. Kufuli haikuwa imemzuia mtu yeyote.

Alipofika hospitalini mkewe alikuwa kando ya kitanda. Kipimo alianza kueleza habari ya mizunguko na shafti.

"Baba watoto," mkewe alimkatiza kwa upole, "haya ungeyapima kabla."

Mafunzo

Kushuku si kosa. Mwenye mali lazima awe macho. Kosa ni kumhukumu mtu kabla ya kukikagua chombo unachompimia. Ukibadilisha kitu kwenye gari au nyumbani, jiulize kwanza badiliko hilo limegusa nini kingine. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja kisha ukachagua jibu linalokufurahisha. Usimfiche dereva kilichofanywa kwenye gari analoliendesha, kwa maana siri ya aina hiyo huvunja mifupa. Ushauri wa fundi ukiutilia shaka, muulize fundi wa pili swali lote, si nusu yake. Na uliyemvunjia heshima mbele ya watu, radhi yake haiombwi chumbani.

Hili la mwisho Kipimo alilitekeleza. Pikapu ilifungwa difu mbili zinazolingana, na kufuli ikatolewa. Wafugaji walipokutana tena kwenye zizi la kati, shemeji alikuja kwa magongo, ameshikwa mkono na dada yake, ambaye tangu ajali alikuwa akiishi kwa mdogo wake kumuuguza. Kipimo alisimama mahali pale pale. Alizitaja kilomita zile zile, akaeleza zilikokuwa, na akasema mbele ya wote kwamba aliyedanganya ni mita na aliyekosea ni yeye. Aliomba radhi kwa shemeji, kwa mzee wa ng'ombe wekundu na kwa mkewe, kila mmoja peke yake.

"Nimesikia, shemeji," alisema shemeji.

Kisha akageuza magongo yake, na dada yake akaondoka pamoja naye.