Vipepeo wa Mholanzi

Yaliyompata rafiki yangu Dorah yalianza Jumanne, tarehe 14 Januari, saa kumi na moja jioni. Aliingia stoo ya jumba la sanaa, Minneapolis, kukagua mchoro wa vyura na miiba aliokabidhiwa. Ukiharibika, kazi hana. Mholanzi aliyeuchora, ambaye hata wasomi hawamtaji, aligandisha vipepeo halisi kwenye rangi.

“Hodi, fundi vyura!” Dorah akamkejeli marehemu mchoraji. “Kuchora hujui, ukaishia kubandika wadudu?”

Taa ikazimika. Chini ya kitambaa kilichoufunika mchoro kitu kikapapatika, kikavu kama karatasi.

Dorah alipomsimulia mlangoni, Khalfan mlinzi akacheka. “Theluji yote hii, dada, kipepeo atoke wapi?”

Asubuhi Dorah aliufunua mchoro. Vipepeo wote walikuwepo, ila mbawa zilizokuwa wazi siku alipokabidhiwa mchoro walikuwa wamezikunja, na rangi haikuwa na ufa hata mmoja.