Kufuli Kwenye Geti la Kanisa

Kila Jumamosi jioni Cheche alifunga karakana yake mapema. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Alinawa masizi mikononi, kisha akaenda kufagia ukumbi wa kanisa. Benchi zote za mle ndani alizitengeneza yeye. Geti nalo lilikuwa kazi ya mikono yake.

Ukumbi haukuwa mali ya kanisa. Waliupanga kwa mzee mmoja mwema, na mapatano yao yalikuwa ya mdomo tu.

"Kaeni mpaka Yesu arudi," mzee alizoea kusema. Waumini walicheka, wakalipa kodi, wakaridhika.

Mzee akafariki. Mwanawe akataka kuufanya ukumbi kuwa ghala la saruji.

Jumamosi moja Cheche alikuta kufuli ngeni getini. Biblia, ngoma na benchi vilikuwa ndani. Akampigia simu yule mrithi.

"Nyinyi mna karatasi gani?" mrithi aliuliza.

"Hatuna. Tulikubaliana na mzee kwa maneno."

"Basi nendeni mkamuulize huko aliko." Simu ikakatwa.

Jumapili waumini walisimama barabarani kama kuku walionyeshewa. Mama yake Cheche, ingawa alikuwa mgonjwa, aliomba apelekwe. Yeye alikuwa mmoja wa wanawake walioanzisha kanisa lile. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akalitazama geti kwa muda mrefu.

"Nirudishe nyumbani, mwanangu," alisema mwishowe. "Lakini siku yangu ikifika, ibada yangu ifanyieni mle ndani."

Mmoja wa wazee wa kanisa akamvuta Cheche pembeni. "Wewe una mashine ya kukatia chuma. Geti umelitengeneza mwenyewe. Nani atakulaumu?"

Kesho yake asubuhi Cheche aliibeba mashine begani. Njiani alimkuta jirani yake akilisha kuku. Mama huyo alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mtaa mzima ulimwita Mama Korti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaenda kazini?"

"Naenda kufungua kanisa."

Mama Korti akaweka bakuli la pumba chini. "Na hiyo mashine iweke chini vilevile. Ukikata kufuli ile, mrithi atakuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa. Kesi yenu itaingia mchanga."

"Kesi gani, mama? Mkataba hatuna."

"Mlikaa, mlilipa, mzee akapokea. Hayo ni mapatano, hata kama hayakuandikwa. Aliyerithi nyumba karithi na wapangaji wake. Akiitaka, awape notisi na muda wa kuhama. Kuwafungia nje ghafla hawezi."

"Nani atatuamini?"

"Majirani waliowasikia mkiimba miaka yote. Na ujumbe wa malipo si umo kwenye simu ya mchungaji? Pelekeni hayo baraza la nyumba. Pale yupo mwanasheria anayesaidia watu bure." Akaliokota bakuli lake. "Sikudanganyi, baba. Huenda msibaki pale. Lakini mtaondoka kama watu, si kama wezi."

Cheche akarudi nyumbani na mashine yake.

Walikwenda baraza. Wakaambiwa warudi. Wakarudi, wakaambiwa mrithi hakufika. Waumini wakapungua. Wengine walisema Cheche ni mwoga.

Kabla baraza halijaamua, mama yake akafariki.

Turubai likafungwa uani. Kutoka pale, paa la ukumbi lilionekana wazi.

"Mama aliomba kitu kimoja tu," mkewe alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

Cheche aliingia karakana, akaishika ile mashine, akaiacha. Akatoka kwenda kuwapokea waombolezaji. Mvua ilinyesha ibada ikiendelea, na mchungaji akalazimika kupaza sauti. Cheche hakujua kama alichofanya ni hekima au ni woga.

Baadaye baraza likaamua. Mrithi aliamriwa afungue geti mara moja, na kanisa likapewa miezi mitatu ya kutafuta mahali pengine. Walipoingia, walikuta Biblia zimelowa kwa mvua iliyovuja paani. Cheche alikaa kwenye benchi ya mbele. Mama Korti akaja kukaa kando yake.

"Sheria haina mbio, baba. Pole sana."

"Tungekuwa na mkataba je?"

"Mngekuwa nao, nadhani asingethubutu kuweka kufuli."

Jibu hilo lilimchoma Cheche kuliko moto wa karakana.

Walipata chumba kirefu, chembamba, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Mwenye nyumba alikuwa mama mcheshi.

"Nyinyi ni watu wa Mungu," alisema. "Karatasi za nini? Mimi nawaamini."

Mchungaji alikwisha kunyoosha mkono wa kushukuru. Cheche akatangulia kusema.

"Na sisi tunakuamini, mama. Tunaandika kwa ajili ya watoto wako na watoto wetu, ambao hawatakuwa wamesikia maneno haya."

Mama yule akafikiri, akaitikia.

Jumapili ya kwanza mkataba ulisomwa mbele ya waumini wote: kodi, muda wa kukaa, na notisi ambayo kila upande lazima uitoe kabla ya kuachana. Mashahidi walitia sahihi, kila upande ukabaki na nakala yake. Watu walikuwa wachache kuliko zamani. Cheche aliinuka, akaomba kifungu cha notisi kisomwe tena, polepole, wakongwe wa nyuma wasikie.