Mkono wa Kushoto wa Bi Rukia

Haya yalimkuta rafiki yangu Kazija, na tangu siku hiyo hashiki sindano. Januari ya tisini na tisa alikwenda Guangzhou kuwafundisha wake wa wafanyabiashara wetu kushona mifarishi ya viraka, maana baridi ya huko iliwatesa.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya darasa, alikusanya sindano zote koponi, kama kawaida yake.

"Ua hili la kwenye mfarishi umelitoa wapi, mwalimu?" aliuliza Swalha, mwenyeji wake.

"Kichwani mwangu," akajibu Kazija bila haya.

Ua lilikuwa la marehemu Bi Rukia, aliyemfundisha kazi, akafa akilia kwamba ameibiwa. Bi Rukia alishonea mkono wa kushoto, mishono yake ikilala kinyume na ya wenzake.

Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani ikasikika sindano ikitoboa kitambaa, tup, na uzi ukivutwa, fyuuu.

"Nani anashona?" Kazija akafoka.

"Sindano si unazo wewe, mwalimu?" Swalha akanong'ona.

Taa zilipowaka, Kazija akataka kuinuka, buibui likamvuta. Pindo lilikuwa limeshonewa kwenye mfarishi, mishono yote imelala kinyume. Ncha ya uzi ilikuwa bado na mate.