Aliyeitikia Santuri

Alasiri hiyo haikuwa na ajabu yoyote. Shangazi yangu Murekatete alikuwa akichambua maharage, nami nakula mahindi ya kuchoma mlangoni.

"Umuhire, angalia ni nani," akaniambia. Alikuwa mtu wa pikipiki, ameleta bahasha kubwa kutoka Ubelgiji.

Ndani mlikuwa na santuri. Kampuni moja ya huko ilikuwa imetoa upya nyimbo za muziki wa soul zilizorekodiwa jukwaani, kwenye hoteli ya hapa Gisenyi, enzi za ujana wa shangazi. Mwimbaji alikuwa mumewe, Sebagabo, aliyefariki kabla sijazaliwa. Shangazi hakulia. Alifuta vumbi kwenye kinanda cha santuri cha marehemu, akaweka sindano.

Marehemu alijua kuimba, tusimnyime haki yake. Katikati ya wimbo aliwaita watu ukumbini, nao wakamwitikia. Aliwaita wa nyuma. Aliwaita walevi wa kaunta. Kisha muziki ukashuka, ikabaki ngoma peke yake.

"Murekatete. Uko wapi?"

Kwetu ukiitwa na mtu usiyemwona, unanyamaza. Hata mtoto anajua. Nilimtikisia shangazi kichwa. Lakini zamani yeye alikuwa mmoja wa waitikiaji ukumbini mle, na mazoea yana tabu.

"Niko hapa, sheri wangu," akanong'ona. "Mi niko hapa."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Shangazi, zima," nikamwambia. Akafungua kinywa kunijibu. Sauti haikutoka.

Daktari alimchungulia koo, hakuona kasoro. Kanisani shangazi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Sasa huanzisha mwingine, na hukosea.

Siku moja nikairudia santuri ile. Nilitaka kumrudishia sauti yake, sikujua kwa njia gani. Marehemu aliita. Ukumbi ukanyamaza. Shangazi akaitika. Ilikuwa sauti yake ya sasa, ya uzeeni, yenye mkwaruzo. Halafu ikacheka. Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Nikainua sindano. Nikachukua mchi, nikaipasua santuri vipande vipande. Shangazi alinitazama, kisha akageukia ukutani. Nikafagia.

Juma lililofuata nilipeleka mboga kwenye hoteli ninayoiuzia, kando ya ziwa. Ilikuwa mchana kweupe, wageni wanakula visamaki vya sambaza. Wenye hoteli nao walikuwa wamenunua santuri kama ile, mpya, wanaipiga kwenye spika. Niliitambua ngoma. Nikaharakisha kuingia jikoni, nikaanza kupanga karoti.

Makofi yakaisha.

"Umuhire," ikasema sauti ya shangazi kwenye spika, taratibu. "Juu ya nini ulinizima?"

Sikuinua uso. Niliendelea na karoti.

Mpishi akaweka kisu chini, akanigeukia.

"Umuhire," akasema, "si ni we unaitwa?"