Joël Alipopewa Upande wa Marekani

Tak!

Kitufe cha redio kiliruka gizani. Kaseti ilikuwa imefika mwisho.

“Mama, wazungu wamechoka?” Umwiza aliuliza kutoka chini ya blanketi.

“Wamechoka. Na wewe lala.”

“Hawa wenye kelele ni wako ama wa tonton Joël?”

“Ni wangu. Waingereza. Wa tonton Joël wako upande wa pili wa kaseti.”

“Wa tonton wana kelele nzuri.”

“Lala, msaliti wewe!”

Mariette alicheka peke yake. Jua lilikuwa limezama punde tu, lakini nyumba yao ya udongo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, ilikuwa na dirisha dogo, giza lilikuwa haliombi ruhusa kuingia. Katochi yake, kisimu cha bei rahisi chenye tochi, ikawaka juu ya mkeka. Ujumbe wa Joël, ambaye Umwiza alimwita tonton, yaani mjomba, kwa mazoea tu:

“Mama Umwiza, umesikiliza? Kesho nitakuchapa mbele ya watu mpaka Uingereza yote irudishe magitaa dukani.”

Akajibu haraka: “Kalale, Mmarekani wa Nakivale. Kesho beba leso mbili, utatoka jasho.”

Haya yote yaliletwa na Mwalimu Rwakabuba. Alikuwa Mnyankole wa Mbarara aliyewafundisha wakimbizi wa Kongo Kiingereza cha jioni, na ujanani alipiga santuri kwenye madansi ya mjini. Muziki wa rock, ule wa magitaa ya umeme na ngoma za kupasua kifua, aliupenda kuliko chakula. Mwaka ule wa 2009 akaamua mdahalo wa darasa uwe huo: bendi kubwa kabisa za rock ni za Marekani au za Uingereza? Akatia maharage kwenye kofia.

“Nyekundu ni Amerika, nyeupe ni Uingereza,” alisema. “Na hakuna kulia, banange! Ukipata upande, unatetea huo, hata kama roho yako iko kule ingine.”

Joël akachomoa jekundu. Mariette akachomoa jeupe. Darasa likapiga kelele, maana kila mtu alijua Jumamosi ya wiki ileile watu wa Joël wangekuja kumposa Mariette.

Baba yake Umwiza aliaga kwamba anakwenda Afrika Kusini mwezi mmoja tu. Mtoto alikuwa tumboni. Sasa alikuwa na miaka mitano na baba hajapiga hata simu. Mariette alijifunza kuishi bila kutazama barabara, mpaka alipotokea Joël, mpiga gitaa la solo wa kwaya ya kanisani, kijana ambaye jukwaani ulimi wake ulikuwa mafuta lakini akiulizwa jambo la moyoni anakwama kama mlango uliolowa mvua.

Na kulikuwa na jambo moja. Mama yake Joël, Mama Perpétue, na watoto wake walikuwa wameitwa kwenye mahojiano ya kuhamia Marekani. Kila Mariette alipouliza, “Na wewe?”, Joël alijibu, “Tutaongea.” Hawajaongea.

*

Alhamisi darasa lote lilipanda fuso hadi Mbarara, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamitanga. Tantine Marthe alikuja kutoka Kakoba, mtaa wa mlemle Mbarara, alikokuwa akiuza unga wa muhogo. Ndiye shangazi aliyemlea Mariette baada ya vita kuwachukua wazazi wake, na ndiye angepokea posa. Akakaa mbele kabisa, kitenge kipya, mkoba mapajani.

Kiingereza kiliongewa kwanza. Kisha Mwalimu akatangaza:

“Sasa mumalize na Kiswahili, wazazi nao basikie!”

Joël akasimama.

“Wapendwa, gitaa la umeme lilizaliwa wapi? Marekani! Blues, mama wa rock, ziliimbwa na nani? Na wajukuu wa watumwa, kwenye mashamba ya pamba kando ya Mississippi. Watu weusi kama sisi! Waingereza walifanya nini? Walinunua santuri, wakaiga. Mtoto anaweza kumpita mama yake urefu, lakini hawezi kumzaa!”

Makofi. Mariette akasimama.

“Mpinzani wangu anasema waliiga. Ni kweli, waliiga. Na babu zetu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, waliposikia santuri za Cuba, walifanya nini? Walisema, ee, huu muziki tunaujua, ulitoka kwetu na meli za watumwa. Wakauchukua, wakautia magitaa yao. Nani hapa atathubutu kusema rumba si yetu?”

“Hakuna!” ukumbi ulijibu.

“Basi mpeni Mwingereza haki yake. Kulikuwa na kijana wa kiwandani kule Birmingham, mpiga gitaa. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea ncha nyingine, akarudi kupiga. Gitaa lake likalia mlio mzito ambao Marekani nzima ilikuwa haijausikia. Mimi sipimi bendi kwa mahali ilipozaliwa. Naipima kwa ilichofanya baada ya kuumia.”

Ukumbi ulilipuka. Wengi mle walikuwa na makovu yao. Hata Joël alipiga makofi, kisha akakumbuka yuko upande gani, akaruka juu.

“Haya! Na wale vijana wanne wa Liverpool, walipokuwa wakubwa walikimbilia wapi?”

“Marekani!”

“Kwa nini kila bendi ya Uingereza haikupata usingizi mpaka ishangiliwe Marekani? Kwa sababu ndiko kila mtu anakotaka kufika! Hata mimi! Nikiitwa leo naondoka leo, na sitageuka nyuma kama mke wa Loti!”

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mwalimu Rwakabuba alitangaza Uingereza imeshinda kwa kura chache, lakini Mariette hakusikia vizuri. Alikuwa akitazama mbele. Kiti cha Tantine Marthe kilikuwa kitupu.

*

Simu iliita kesho yake asubuhi.

“Mariette, Jumamosi usipike.”

“Tantine, nisipike vipi na wageni wanakuja?”

“Wageni gani? Bale ba Amerika? Hakuna posa. Niko nakuja kukuchukua na mutoto, mukae na mimi Kakoba.”

“Tantine, ule ulikuwa mdahalo! Ni mchezo wa shule. Alipewa upande!”

“Alipewa na nani?”

“Na… harage.”

“Harage!” Tantine Marthe alicheka bila furaha. “Harage njo ilimutuma kutaja mke wa Loti? Sikiliza, mwanangu. Tangu nizaliwe, mutu akisimama mbele ya batu na kutoa maneno, yale ni ushuhuda. Hakuna mutu anashuhudia kitu chenye haiko mu roho yake. Mimi nilimuangalia macho. Yalikuwa yanawaka.”

“Anapenda muziki tu, Tantine.”

“Ule wa kwanza naye alipenda nini? Alisema mwezi moja. Nani alikushika mukono usiku wa kuzaa? Niambie, ni harage?”

Mariette alikata simu. Aliketi kizingitini, akamwandikia Joël: “Nijibu swali moja. Ukiitwa Marekani pamoja na mama yako, unakwenda?”

Ilipita nusu saa. Kisha: “Tutaongea.”

Alilisoma neno lile mara tatu. Kwa kuipigania Marekani alikuwa na maneno ya kujaza ukumbi. Kwake yeye, neno moja. Akaandika, “Usije Jumamosi,” akazima simu kabla mkono haujajuta.

“Mama, unalia?” Umwiza akauliza.

“Ni moshi.”

“Lakini hatujawasha moto.”

*

Jumamosi Tantine Marthe alifika mapema na boda, akaanza kufunga nguo za mtoto ndani ya kitenge. Mariette alikuwa akikunja blanketi polepole, kama mtu anayetafuta sababu. Hodi ikapigwa.

Alikuwa Joël. Hana wajomba, hana wazee wa kanisa. Shati limepigwa pasi, viatu vina vumbi.

“Aa,” Tantine Marthe alisema, “mke wa Loti amegeuka nyuma! Chumvi iko wapi?”

“Shikamoo, Tantine.”

“Hiyo shikamoo yako peleka ku Amerika.”

“Tantine… mimi… siku ile…”

“Siku ile ulikuwa na ulimi murefu sawa vile barabara ya Kabingo. Leo umekatwa?”

“Mariette,” Joël akamgeukia, jasho likimtoka. “Mimi ni… nilitaka… ungojee kidogo tu, mpaka…”

“Mpaka lini, Joël?” sauti ya Mariette ilipasuka. “Nimewahi kungojea mwanaume. Najua inavyokuwa. Unaamka, unapika, unaosha mtoto, na sikio lako moja liko barabarani siku zote. Siwezi tena. Kama unakwenda, sema naenda. Nitalia, nitanyamaza, nitaishi. Lakini usiniambie tutaongea!”

Joël akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango ulisukumwa kwa nguvu.

Aliingia Mama Perpétue, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, pumzi juu juu.

“Mariette! Umemufanya nini mutoto wangu?”

Tantine Marthe akaruka. “Nani amemufanya nani? Ni mutoto wako njo anakimbia mutoto wangu!”

“Anakimbia kwenda wapi? Nimekuja kulia hapa sababu anakataa kwenda!”

“Anakataa nini?”

“Kwenda! Ku Amerika! Siku ya tatu hii nyumbani hatukule vizuri. Jumatano alinikalisha chini, akaniambia, Mama, nenda na badogo, mimi ninabaki. Nikamuuliza, unabaki na nani? Akataja huyu.” Alimnyoshea Mariette kidole. “Na leo watu wangu walikuwa wavae waje huku. Niliwakataza wote. Amekuja peke yake kama yatima!”

Tantine Marthe alikuwa bado ameshika gauni dogo la Umwiza mkononi.

“Jumatano?” alisema polepole. “Lakini Alhamisi alisimama mbele ya batu…”

“Alhamisi alikuwa anacheza mambo ya shule! Alinisomea yale maneno yake nyumbani mpaka nikamufukuza. Yale ya mke wa Loti ni mimi nilimupa, kwa kumucheka!”

Mariette alimtazama Joël. “Jumatano. Na Ijumaa nimekuuliza.”

“Nili…” Joël alianza. Safari hii hakuna aliyemkatiza. “Nilitaka Mama akubali kwanza. Ningekuambia mapema, angesema ni wewe ume… umenishika. Ungeingia kwetu ukiwa na lawama. Sikutaka ulipie wewe. Nilifikiri siku mbili zitatosha. Hazikutosha.” Akajipangusa uso. “Sijui kusema vizuri mambo haya.”

“Hujui kabisa,” Mariette alisema, machozi yakimshuka. “Lakini sikukuomba umwache mama yako.”

“Ninajua hukuniomba.”

“Na ukijuta? Siku moja, mvua inavuja, posho imeisha, wadogo zako wanapiga simu kutoka huko?”

“Nitajuta siku hiyo. Kesho yake nitaamka hapa.”

Halikuwa jibu la mdahalo. Halikuwa na Mississippi wala mke wa Loti. Lakini Mariette alilisikia likiingia mahali ambapo maneno yote ya Alhamisi hayakufika.

Mama Perpétue alikaa chini juu ya mkeka bila kukaribishwa. Akafunika uso kwa kitambaa.

“Nilizika batoto bawili mu Kivu,” alisema. “Huyu nilimubeba mugongoni mpaka Uganda. Sasa nipande ndege, nimuache?”

Tantine Marthe, ambaye dakika chache kabla alikuwa tayari kupigana, alimsogelea mwanamke yule. Kisha akaweka gauni chini, akakaa karibu yake.

“Mimi nilizika kaka yangu na muke wake,” alisema. “Nikabaki na huyu.” Akamgusa Mariette mguuni. “Nilikuwa nakuja kumuficha Kakoba, asikamatwe na maumivu tena. Kumbe tuko tunalia kilio moja, wewe upande wako, mimi upande wangu.”

Mariette alipiga magoti mbele ya Mama Perpétue.

“Mama, mkichelewa kuondoka mwaka, miwili, mlango huu ni wenu. Na mkiondoka, sitamzuia kukufuata siku moja, sote pamoja, ikiwa njia itafunguka. Lakini sitamfukuza. Siwezi. Ninampenda.”

Mama Perpétue alimtazama. Alishusha kitambaa, akapangusa pua.

“Unajua kupika sombe?”

“Ninajua. Majani ya muhogo nayatwanga mwenyewe.”

“Ya mafuta ya mawese ama ya karanga?”

“Ya mawese, na samaki ndani.”

“Hm.” Akageukia mwanawe. “Joël, kaite wajomba.”

“Sa… sasa hivi?”

“Unataka nipande ndege nimekuacha sawa mutu bila nyumba? Nitaondoka nikiwa nimekuona umeoa, nimejua nani anakuchemushia maji. Kimbia!”

“Ee, ngoja!” Tantine Marthe alinyosha mkono. “Mimi niliambia huyu asipike. Wajomba batakula nini?”

“Wewe njo ulisema asipike? Inuka basi, tupike wote bawili!”

“Na huo mdahalo,” Tantine Marthe aliuliza akijiinua kwa kushika bega la mwenzake, “nani alishinda?”

“Mariette,” Joël akasema.

“Vizuri. Uzoee.”

Kicheko kilitoka kimechanganyika na kilio. Mariette alimshika Joël mkono mbele ya wazazi, bila aibu.

Kelele zile zilikuwa zimeita majirani. Wanawake walisimama uani na madumu ya maji, wanaume wawili wameshusha majembe.

“Hodi humo!” mmoja aliita. “Ni kilio ama ni nini? Kuna msiba?”

Wakubwa wote walikuwa bado wanajipangusa macho. Umwiza akapita katikati ya miguu yao, akasimama kizingitini na miguu yake mitupu, akawatazama watu wote.

“Tonton Joël anabaki na sisi.”